Swali Lako la Mwisho Pale Mlangoni

Sista Ajiambo,

Ni mimi, Ekisa wa ambulensi, yule uliyekuwa ukimwita mwoga mbele ya watu. Nimekaa kwenye ile benchi ya nje ya kasualti, hapa hospitalini, upande wa ukuta unaopata kivuli, na ninaogopa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ulilotaka kusikia kutoka kwangu siku zote, hata kama uliliuliza mwisho. Mama mkwe wangu yuko thieta. Wanampasua tumbo sasa hivi ninapoandika. Mimi ndiye niliyemleta, na mimi ndiye niliyesema maneno yaliyompeleka humo. Kama nilikosea, basi nimemvua nguo mama wa mke wangu mbele ya kadamnasi, bure. Kama sikukosea, labda nilichelewa. Naandikia juu ya goti, kwa hiyo uvumilie mwandiko wangu.

Amoit, mke wangu, yuko njiani kutoka Angurai. Atafika na maswali, na sijui nitamtazama vipi usoni. Wafula dereva ameshatumwa kwingine na gari. Nimebaki peke yangu. Mtu ambaye ningemkimbilia ni wewe, na wewe uko chini ya udongo wa Matayos tangu mvua zilizopita. Basi nakuandikia. Sijui barua hii nitaiweka wapi, lakini nisipoandika nitaingia humo ndani nianze kugonga milango.

Acha nikwambie mambo yalivyo tangu utuache. Mlango wa kasualti wameupaka rangi mpya, ya buluu, na bawaba iliyokuwa ikilia wameitia mafuta, kwa hiyo tunaingia kimya kimya na hakuna anayegeuza shingo. Ukutani, pale ulipokuwa ukiegemea ukitafuna njugu zako, wamebandika karatasi kubwa yenye mishale, inayoeleza jinsi watu wa ambulensi wanavyopaswa kukabidhi mgonjwa. Ni karatasi nzuri. Imewekwa juu mno, na mtu anayesukuma machela haangalii juu. Watu ni walewale, na si wabaya, nisije nikawasengenya wakati wamemshika mama wa watu mikononi mwao. Lakini siku hizi tunakabidhi tukitembea. Mimi nasema, machela inakwenda, mmoja anafunga kipimo cha presha, mwingine anauliza kitambulisho, mwingine ananihimiza nirudishe machela upesi kwa sababu Malaba wamepiga simu tena. Neno langu la kwanza linamfikia huyu, la pili linamfikia yule, la tatu linaanguka sakafuni na kufagiliwa jioni. Nikirudi kulirudia, wananicheka: "Redio imefika!" Hilo ndilo jina langu sasa.

Na hofu imenihamia mwilini, Sista. Zamani niliogopa barabara, yale malori, watu wanaojaa kwenye ajali. Siku hizi barabara haininyimi usingizi. Wafula akikata kona ya kuingia hospitalini ndipo viganja vinalowa ndani ya glavu. Mahali ambapo mtu angepumua kwa kufika, mimi ndipo ninapoanza kukosa pumzi. Nimeota mara nyingi kwamba nafungua mdomo pale mlangoni na sauti haitoki, na wewe haupo.

Unamkumbuka yule dereva wa lori? Nilikuwa mgeni kazini, sare yangu bado ina mikunjo ya dukani. Tulimtoa kwenye foleni ya malori kule Malaba, anaburuta maneno, jasho linamtoka, na wenzake wakatuambia, "Huyo ni waragi tu, mpelekeni akalale." Tulipofika mlangoni mikono ya kila mtu ilimvamia, huyu anavuta shati, huyu anatafuta mshipa, na mimi nabwabwaja hewani. Wewe ukachukua ile sahani ya chuma ukaigonga kwa mkasi. "Mikono chini! Mtu mmoja aongee, wengine masikio!" Ukaja ukashika chuma cha machela kando ya mkono wangu. Nikasema jina lake, nikasema tulimkuta wapi, nilichokiona, nilichokifanya. Nikadhani nimemaliza. Ukanitazama juu ya miwani na kuniuliza, "Na unaogopa nini?"

Nilidhani unanichezea. Wenzako walicheka. Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba naogopa huyu mtu hajalewa. Mkampima sukari, mkakuta imeshuka vibaya. Kabla hujakimbilia dawa, ulinigeukia ukasema, "Haya, nimepokea. Achilia." Ndipo nikagundua kwamba vidole vyangu bado vilikuwa vimeng'ang'ania kile chuma.

Baadaye, kwenye ile chai yako iliyojaa tangawizi mpaka inakwaruza koo, ulinieleza. Presha na mapigo ya moyo mashine itasoma hata mimi nikienda zangu. Lakini kile kilichonikosesha raha ndani ya gari hakina mashine ya kukibeba, lazima nikibebe mimi mpaka mlangoni, na lazima kuwe na mtu wa kukipokea. "Wewe ni mwoga, Ekisa," ukasema. "Kaa hivyo hivyo. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Kisha ukanijazia njugu mfukoni mwa sare, na chumvi yake haikutoka kwa kufuliwa. Tangu siku hiyo hukuwahi kupokea mgonjwa wangu bila kuniuliza ninaogopa nini.

Sasa nikwambie ya leo.

Ilikuwa asubuhi, siku ya soko. Tuliitwa barabara ya Malaba, karibu na mkia wa foleni ya malori. Boda boda ilikuwa imegongana na mkokoteni wa mizigo, na mama aliyekuwa amebebwa ameanguka. Watu walikuwa wamejaa, wachuuzi na mabeseni yao ya soda vichwani, mimi nasukuma nikisema nipisheni, nipisheni. Nikaona kwanza leso. Leso ya kujitanda, ya manjano yenye maua mekundu, niliyoinunua mimi mwenyewe na kumpa Amoit ampelekee mama yake. Nikainua macho, na ni yeye. Amekaa chini, ameshika kifundo cha mkono wake, nguo amezipanga vizuri magotini, anawajibu watu salamu kana kwamba wako nyumbani kwake: "Ejok, ejok." Nzuri, nzuri.

Sista, wewe ulikuwa Mkhayo na sisi ni Wateso, lakini kwa jambo hili hatukupishana. Mkwe haguswi. Tangu nimwoe Amoit sijawahi kumpa mama yake mkono. Nikikutana naye njiani naingia vichakani apite. Nikienda kwao nakaa chini ya paa la nje, yeye yuko ndani, ukuta katikati, na tunaongea kwa kumtuma mtu. "Mwambie mkwe chai iko tayari." "Mwambie mama nashukuru." Kila mmoja amemsikia mwenzake vizuri kabisa, na bado Amoit lazima ayabebe yale maneno hatua mbili, akicheka. Ni heshima, na mimi ninaipenda. Sina mzaha nayo.

Nilirudi nyuma. Nilimwambia Wafula tuite gari lingine. Wafula hakunionea huruma. "Boss, gari lingine liko njia ya Eldoret na mgonjwa. Hapa ni wewe ama ni Mungu." Yeye na mama mmoja wa ndizi wakamlaza kwenye machela na kumpandisha. Nilimwomba yule mama atusindikize, akakataa kuacha mali yake barabarani, na simlaumu. Basi nikapanda nyuma na mgonjwa wangu, nikakaa karibu na mlango, nikamgeuzia mgongo na kutazama nje kupitia kioo.

Ungecheka, Sista. Tuliongea kupitia kwa Wafula. "Dereva, muulize mama kama anaumia mahali pengine." Na sauti nyuma yangu, "Dereva, mwambie ni mkono tu." Wafula naye anapaza sauti kutoka kule mbele, "Anasema ni mkono tu!" kama vile mimi ni kiziwi. "Dereva, mwambie mama afunge mkanda." "Dereva, mwambie nimefunga." Hivyo hivyo, mpaka nikamwambia dereva amwulize mama kama anahisi kizunguzungu, na hakuna aliyejibu.

Wafula akauliza tena. Kimya.

Niligeuka. Kichwa kilikuwa kimeanguka upande, midomo imepauka, macho yamekwenda juu. Mikono yangu ikafanya kazi kabla mimi sijajiuliza ruhusa. Nilimlaza sawa, nikainua miguu yake, nikampima, na presha ilikuwa chini sana, nikatafuta mshipa, nikatundika maji. Kisha nikamgusa tumbo. Niliweka kiganja changu kwenye tumbo la mama mkwe wangu, upande wa kushoto chini ya mbavu, na lilikuwa limekaza kama ubao.

Maji yakaingia. Akarudi polepole. Akafungua macho, na kitu cha kwanza alichokiona ni mkono wangu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alivuta ile leso ya manjano akajifunika uso mzima, akalala hivyo, na mimi nikageuza tena mgongo. Nikawa nageuka kidogo kidogo kuangalia kama leso inapanda na kushuka. Nilikuwa naogopa isimame.

Tulipofika, yale maji yalikuwa yamefanya kazi yao, na ndiyo yaliyotaka kumuua. Kabla machela haijasimama, mama alikuwa ameketi wima, leso imerudi begani, uso umetulia. Aliyetupokea ni Brother Barasa, yule muuguzi uliyemfundisha wewe mwenyewe, na daktari mmoja kijana ambaye hukumkuta. Mama akaniwahi. "Mimi niko sawa kabisa, mwanangu. Ni huu mkono tu umejikunja." Barasa akampima presha, ikawa nzuri. Akamwuliza kama alizimia. "Nizimie nini? Nilisinzia kidogo tu. Hiyo gari yenu iko na joto."

Alidanganya, Sista, na nilijua kwa nini. Akisema alizimia, wataanza kuuliza aliamkaje, nani alimshika, alimshika wapi. Afadhali afe kuliko kutamka hilo mbele ya wanaume. Sisemi kwa kutia chumvi. Nilimwona akichagua.

Nikafungua mdomo. "Brother, kuna kitu hajasema." Barasa akanitazama, akamtazama mama, akauliza mimi ni nani kwake. Mama akajibu akiangalia ukuta, "Huyo ni mkwe."

Basi kila kitu kikabadilika. Barasa amelelewa vizuri. Aliniwekea mkono begani taratibu, akanigeuza kuelekea mlangoni. "Aah, pole sana, mkwe. Basi hapa si mahali yako. Wewe kaa tu nje, sisi tutamalizana na mama." Daktari kijana akaniinamia kichwa kwa adabu. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri na mguu wake uliovimba akasema, "Heshima ni kitu ya maana." Hakuna aliyenidharau leo, hakuna aliyeniita Redio. Kila mmoja alifanya alichofundishwa na mama yake. Na kwa heshima hiyo hiyo nikasindikizwa nje, na mdomoni mwangu bado mna kila kitu, kuzimia kwake, presha ya kabla ya maji, na lile tumbo. Nyuma yangu nikamsikia daktari akisema wampeleke picha ya mkono, halafu apewe dawa ya maumivu arudi nyumbani.

Nilisimama hapa hapa nilipokaa sasa. Mikono yangu haikuwa na kitu. Nilikuwa nimeachilia machela na hakuna aliyesema amepokea.

Nisikufiche. Nilikuwa na hofu mbili, na kwa muda ile ya aibu ilikuwa nzito zaidi. Nilimwona Amoit. Niliwaona ndugu zake. Nilisikia yale yatakayosemwa Angurai mpaka wanangu wawe wazee, mkwe aliyetangaza tumbo la mama mkwe wake hospitalini. Na mama mwenyewe amesema yuko sawa! Mimi ni nani nimwite mwongo? Labda kiganja changu kilidanganyika. Labda aliogopa tu akakaza tumbo. Nilitafuta kila sababu ya kubaki nje, na zote zilikuwa nzuri.

Halafu nikaona, kupitia dirisha lililo wazi, jinsi leso ilivyokuwa ikipanda na kushuka, haraka haraka, pumzi fupi fupi. Nikaogopa ile nyingine zaidi.

Niliingia kinyumenyume, Sista. Usicheke. Nilisukuma ule mlango wa buluu kwa mgongo na kutembea nyuma nyuma mpaka katikati ya kasualti, ili nisimtazame. Wagonjwa walidhani nimerukwa na akili. Nikapapasa mezani, nikaipata sahani ya chuma, nikaigonga kwa funguo zangu. Nikasema, "Mikono chini." Sauti ilitoka mbovu. Nikarudia kwa nguvu. "Mikono chini! Mimi hapa si mkwe. Mimi ni ambulensi, na sijamaliza kukabidhi."

Magurudumu ya machela yakasimama. Uso wangu ulikuwa ukutani, mbele ya ile karatasi ya mishale. Ndiyo siku ya kwanza nimeisoma, na imekosa swali lako.

Nikasema jina lake. Sikolastika. Sijawahi kulitamka maishani mwangu, hata kwa kunong'ona. Nikasema aliangushwa na boda boda, upande wa kushoto. Nikasema alizimia ndani ya gari, na presha yake kabla ya maji ilikuwa chini sana, na hiyo nzuri mnayoiona sasa imeletwa na dripu. Nikasema nilimgusa tumbo kwa mkono wangu huu, na limekaza, chini ya mbavu za kushoto. Nikasubiri. Nilisubiri kwa mazoea, Sista, nikingojea swali lako, na hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo nikajijibia mwenyewe. "Naogopa anavuja damu ndani. Naogopa mkimrudisha nyumbani na dawa ya mkono, atafika lakini hataamka."

Nyuma yangu nikasikia mama mkwe wangu akianza kulia. Kilio kidogo, cha ndani ya leso. Kilio hicho bado kinanikata. Kisha nikamsikia Barasa, sauti imeshuka kabisa, "Mama, nisamehe. Wacha niguse tumbo." Halafu miguu, miguu mingi, mtu akiita damu, mtu akiita thieta, magurudumu yakikimbia. Nikabaki nimeelekea ukutani mpaka walipokwisha kupita.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye benchi hii.

Amoit amefika. Ameniuliza neno moja tu, "Ulimshika mama?" Nikasema nilimshika. Ameketi mwisho wa benchi, nafasi ya mtu mmoja katikati yetu, ameshika rozari na hanitazami. Simwoni kama amekasirika. Simwoni vyovyote, naogopa kumwangalia. Nikifumba macho naona leso, nikifumbua naona mlango.

Kuna kitu kimetokea sasa hivi, lazima nikiandike kabla hakijapoa. Ambulensi nyingine imeingia kutoka upande wa Kocholia, na msichana mmoja mhudumu wake, mpya kazini, simjui jina, ameshuka na mzee aliyekuwa akihema kwa shida. Dirisha liko wazi hapa juu ya kichwa changu. Nilimsikia akianza kubwabwaja kama nilivyobwabwaja mimi. Nikasikia sahani ya chuma ikigongwa. Nikasikia Barasa, "Mikono chini! Ongea, dada, tunasikia." Msichana akasema yote, akanyamaza. Na Barasa akauliza, "Na unaogopa nini?" Nikasikia yule binti akishtuka, kisha akijibu kwa sauti ndogo kama ile yangu. Hapo nikalia, Sista. Amoit akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza.

Nimeacha kalamu muda mrefu. Jua limehama, limefika kwenye viatu vyangu.

Daktari wa upasuaji ametoka. Bandama ilikuwa imepasuka. Wameitoa. Anasema tumbo lilikuwa limejaa damu, na kwamba nyumbani asingeiona kesho. Amewekewa damu, anapumua mwenyewe, lakini tusiseme amepona, usiku huu na siku zinazofuata ni za kuangaliwa kwa makini. Kwa hiyo bado ninaogopa. Nimeshusha mzigo nikapewa mwingine mdogo wake.

Amoit aliruhusiwa kuingia. Alikaa humo hata nikadhani mama amekataa kuamka. Alipotoka alikuja akasimama mbele yangu, akajifuta uso, na akanikabidhi maneno ya mama yake vile vile anavyofanya nyumbani, kutoka upande mmoja wa ukuta kuja upande mwingine: "Mama anasema, mwambie mkwe asiingie. Lakini asiende mbali. Asimame hapo mlangoni."

Kisha akakaa kando yangu, bila ile nafasi katikati.

Najua wazee watakaa. Watasema tulete kuku, ama mbuzi, yaliyoguswa yasafishwe, na mimi nitaleta na kushukuru. Hilo haliniogopeshi tena.

Kuna jambo moja nimekuwa nikilizunguka tangu nianze barua hii. Siku ile nilipokuja kukuona Matayos, ulikuwa umekonda hata miwani inateleza, tukakaa nje na kuku wako wakitupitia miguuni. Nikataka kukuchekesha. Nikasema, "Na wewe, Sista, unaogopa nini?" Hukucheka. Ulisema, "Naogopa ule mlango, Ekisa. Sijui naukabidhi kwa nani." Nikawatazama kuku. Nikasema utarudi kazini kabla ya kupanda mahindi. Ukaniacha hivyo, hukunilazimisha, ukaniambia nichukue njugu za watoto. Nilielewa vizuri ulichokuwa ukiniuliza. Niliogopa kwamba nikijibu, utaachilia.

Na siku ya kukuzika nilikuwa miongoni mwa walioshika kamba za jeneza. Wenzangu walishusha, wakaziacha. Mimi nilibaki nimeshika yangu mpaka mzee mmoja akanigusa mgongoni, "Achilia kamba, kijana, amefika." Nilikuwa nangoja mtu aseme lile neno. Hapakuwa na wa kulisema ila mimi, na sikulisema.

Magurudumu yanasikika tena getini, na ni honi ya Wafula. Sijui kaleta nini. Viganja vimelowa kama kawaida. Nitasimama, nitaushika ule mlango wa buluu, na anayeingia na mgonjwa hataruhusiwa kupita bila kuulizwa, awe mgeni, awe ndugu, awe mkwe. Nitauliza nikitetemeka. Nitamfundisha yule msichana wa Kocholia aulize. Nikistaafu nitarudi kwenye benchi hii kusikiliza dirishani kama bado wanauliza. Hiyo ni ahadi, na unajua mwoga hasahau ahadi kwa sababu anaogopa kuulizwa.

Kwaheri, Sista wangu. Mlango wako, swali lako na uoga wako pia, maana najua ulikuwa nao, vyote niko navyo mkononi.

Nimepokea. Achilia.

Ekisa